Kaskazi Mwezi wa Saba

Filomena alizikwa Likombe Jumanne iliyopita. Nilikaa kwenye mkeka wa wanawake tangu asubuhi mpaka jua likapinda, nikalia kama wenzangu, na katikati ya kilio kile nikagundua jambo la aibu kwa mwanamke wa umri wangu: nilikuwa bado namwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa wingi wa watu waliokuja, kwa wajukuu waliopanga viti bila kutumwa, hata kwa jeneza lake lililokaa sawasawa katikati ya meza, utadhani mwenyewe alitoka akapima kwa jicho kabla ya kurudi ndani. Binti yake Veronika aliniletea kikombe cha chai ya rangi, akapiga goti, akasema, "Mama mkubwa, mama alikuwa akituambia kazi ya kamera mliifanya pamoja, na kwamba hapa mjini hakuna aliyemjua kama wewe." Nikamjibu kwamba mama yake alikuwa mtu mwema. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyokuwa shida yangu naye. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wazee. Nimekaa kuandika habari za mwaka mmoja tu, mwaka wa sabini na moja, na nitaandika zote, maana aliyebaki wa kuona haya ni mimi peke yangu.

Wazazi wangu na ukoo wangu hawamo katika habari hii, tuwaache wapumzike. Nianze na vyumba. Studio ya Mzee Shabani ilikuwa karibu na soko la Mtwara mjini, vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa. Cha mbele kilikuwa na benchi la wateja na dirisha la kioo lililotazama barabarani, na katika dirisha hilo zilikaa picha nzuri kuliko zote, nne au tano, zikibadilishwa kila baada ya miezi. Cha kati kilikuwa na pazia lililochorwa ngazi na maua, ambapo watu wazima walisimama wamekauka kama wanaosubiri kuchanjwa. Cha nyuma kilikuwa chumba cha giza, na taa yake nyekundu na harufu ya dawa iliyoganda kwenye kanga zangu hata baada ya kufuliwa mara tatu. Mzee Shabani alikuwa mtu wa Tabora, mpole, mwenye miwani mizito, aliyeijua picha kuliko alivyoijua bahari. Alinichukua kwa sababu waume wa Mtwara na Mikindani hawakutaka mwanamume aingie ndani kuwapiga picha wake zao. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nilikuwa nimekaa naye miaka minne, na kazi ya kusafisha picha niliijua hata macho yamefumbwa, jambo ambalo si mzaha ukifikiria chumba chenyewe.

Halafu, katikati ya mwaka wa sabini, akaja Filomena. Watu wake walikuwa wamevuka Ruvuma wakimkimbia Mreno, wakalima Mahurunga, kijiji cha upande wetu, na yeye alijifunza kamera kwa padri mmoja huko misheni. Mzee alisema wateja wameongezeka na mikono miwili haitoshi. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, nami nikamkaribisha kwa maneno hayohayo huku nikimkagua kuanzia viatu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye chale mbili ndogo kwenye mashavu, na Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde ndani yake. Alisema "habali za asubuhi, dada Somoe," nami nikarudia "habali" ile mbele ya wateja ili wacheke. Wakacheka. Na yeye akacheka nao, kwa furaha kabisa, mpaka nikajiona mimi ndiye niliyekosea kusema. Saa saba mchana tulikula pamoja nyuma ya studio. Alileta ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na chumvi na pilipili, na kila siku alinimenyea wa kwanza. Nilikula. Sikusema asante ila siku ambazo Mzee alikuwa karibu.

Siku moja nilikuwa chumba cha giza, na ukuta wake ulikuwa wa mbao tu, Mzee akawa anazungumza na rafiki yake benchini. Rafiki akamwuliza wale wasichana wako wawili yupi fundi zaidi. Nikasikia Mzee anafuta miwani, nikajua anafuta miwani kwa sababu alikuwa na kawaida ya kupulizia vioo kwanza. Akasema, "Somoe ana mkono. Lakini huyu mwingine, bwana, ana jicho. Mkono unafundishika." Nilikuwa nimeshika picha ya bwana harusi ndani ya dawa. Niliiacha humo mpaka bwana harusi akawa mweusi tii, nikaitupa, nikaanza upya. Watu husema wivu unachoma. Wangu haukuchoma, ulikuwa baridi, ulikaa chini ya mbavu kama maji ya kisima, na kila Filomena alipoinama juu ya kamera niliyasikia yakitikisika.

Kamera yenyewe niieleze, maana ndiyo iliyotugombanisha. Studio ilikuwa na kamera mbili ndogo za kawaida na moja kubwa ya macho mawili, ile ambayo unaining'iniza kifuani na kuchungulia kutoka juu, ndani ya kioo cha mraba. Jicho la juu ni la kutazamia, la chini ndilo linalopiga. Kioo kile kina tabia yake: kinageuza. Cha kulia unakiona kushoto, na cha kushoto kulia. Mtu akipita barabarani kuelekea sokoni, wewe ndani ya kioo unamwona anatoka sokoni. Mwanafunzi huhangaika nacho wiki mbili, anamfuata bibi harusi huku bibi harusi anamkimbia, mpaka siku moja mwili unazoea na hufikirii tena. Picha ikisafishwa inatoka sawa kama ulimwengu ulivyo, mradi msafishaji aweke filamu kwenye mashine ya kukuzia picha kwa uso wake. Akiiweka kwa mgongo, picha inatoka imegeuka, na picha ya sura ya mtu ikigeuka hakuna anayetambua ila mwenye sura.

Mwezi wa sita Mzee alituita wote wawili akatuambia kwamba Mungu akipenda, mwisho wa mwaka atakwenda kuhiji, na atakaa huko na kwa ndugu zake miezi mingi. Funguo za studio na kamera ya macho mawili ataziacha kwa mmoja wetu, na huyo ndiye atakayeitwa fundi mkuu, hata yeye akirudi. Nilitaka jina lile kwa nguvu ambayo leo naiona kama ugonjwa. Miaka minne niliitwa msichana wa studio. Nilitaka mtu aingie mlangoni aulize, "Fundi yupo?" na awe ananiuliza mimi. Mzee akaendelea. Nahodha Mfaume wa Msimbati ameunda mashua mpya, anataka picha yake kubwa ya ukutani ikiwa chini ya tanga. "Nendeni wote wawili, kila mtu na filamu yake, kamera mtapokezana. Itakayokuwa nzuri ndiyo nitaitundika dirishani kwanza, halafu nahodha aje aichukue. Na mwenye picha hiyo ndiye mwenye funguo." Kisha akatukumbusha kanuni zake za vyombo vya matanga, ambazo nilizijua kama Fatiha. Piga chombo kikiwa kinakuja, uonyeshe omo, ile pua yake ya mbele, maana chombo kina uso kama mtu. Acha maji mengi mbele yake, kisije kikaonekana kinagonga ukingo wa picha. Usikate ncha ya tanga. Usiikate bahari katikati kama mkate. Na msinipigie jua la kuzama, akasema, hiyo ni kazi ya watalii, tanga linakuwa jeusi na watu weusi wanapotea kabisa.

Tulipanda lori hadi Msimbati tukiwa juu ya magunia, mwezi wa saba, kusi inavuma kutoka kusini, kavu na ya baridi, na kaskazi bado miezi mitano. Nahodha Mfaume alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye sauti iliyozoea kushindana na upepo, na mkewe Bi Zuhura alitupa chumba cha uani chenye kitanda kimoja cha kamba. Mimi nilijua nitapendwa pale. Nilikuwa Mwislamu kama wao, mtu wa pwani kama wao, nikaamkia kwa adabu zote, shikamoo mpaka kwa mtu wa mwisho. Wakaniheshimu. Lakini aliyependwa alikuwa Filomena. Ndani ya saa moja alikuwa amekaa jikoni anakuna nazi, mkia wa kanga ameubana katikati ya magoti, anawauliza wanawake majina ya kila kitu kwenye chombo, nao wanamcheka na kumsahihisha. Mimi nilikaa barazani na soda yangu ya heshima. Nikamsikia Bi Zuhura akisema kwa ndani, "Huyu Mmakonde ana raha. Yule mwenzie ana nini, mbona kanuna?" Mwingine akajibu, "Mwache, mtu wa mjini." Tulikula wali na pweza wa nazi, na pweza alikuwa laini sana, na mimi sikumwona utamu.

Kesho yake asubuhi, kwenye saa nne, tulikuwa mlangoni mwa Ruvuma, mahali mto unapoingia baharini. Nieleze palivyokaa, kwa sababu baadaye ndipo tatizo lilipotokea. Ukisimama ndani ya mlango ukatazama baharini, kushoto kwako ni kwetu, mikoko mitupu. Kulia kwako, mbali kidogo, ni ng'ambo, mikoko vilevile, na wakati ule ng'ambo alikuwa Mreno na vita vyake, na hakuna mtu mwenye akili aliyekwenda huko kutembea. Nahodha alipita kila siku akiubana ukingo wa kwetu kama mtoto anayeshika ukuta. Mimi nilianza. Nilipanda juu ya kilima kidogo cha mchanga, nikasubiri mashua ije, nikaipiga inapokuja: omo mbele, tanga zima, maji ya kutosha, bahari haikukatwa katikati. Kila kanuni ilikuwemo. Nikampa Filomena kamera na nikajua nimeshinda. Naye akavua viatu, akafunga kanga kifuani, akaingia majini mpaka tumboni.

Alisubiri mashua impite. Hilo ndilo lililonishangaza, aliiacha ipite, omo na uso wake wote, kisha akashusha kamera mpaka ikakaribia kugusa maji, akaichungulia kwa juu, na akaipiga kwa nyuma inapokwenda baharini. Nikapiga kelele kutoka juu, "Utakata tanga!" Akajibu bila kugeuka, "Acha likatike, dada, ni kubwa!" Alipotoka anatetemeka kwa baridi nikamwuliza kwa nini kapiga mgongo wa chombo. Akafikiri. "Ukikipiga kinakuja, kinakutazama wewe," akasema. "Mie nilitaka kuona wanakokwenda." Nikamwambia Mzee hatapenda. Nilisema hivyo kwa upole, kama dada mkubwa, na Mungu anajua nilivyokuwa nikiomba.

Filamu zilisafishwa Mtwara siku mbili baadaye, mimi na yeye ndani ya chumba cha giza, na zilipokauka nikaziinua kwenye mwanga. Kwenye filamu nyeupe ni nyeusi na nyeusi ni nyeupe, lakini fundi anaona. Yangu ilikuwa safi. Ilikuwa mashua nzuri ndogo iliyotazamwa kutoka juu, kama kitu cha kuchezea kwenye karai. Yake ilianzia kwenye maji yaliyo karibu mpaka ukahisi yanakulowesha kidevu. Juu ya maji mgongo wa nahodha, fulana yake yenye tundu, mkono wake umeshika usukani, na juu yake tanga limevimba, limeijaza picha yote mpaka likatoka nje kwa juu, hakuna ncha, limekatika kama alivyosema. Mbele, padogo sana, mawimbi meupe ya mlangoni, na kando kushoto mikoko ya kwetu. Ulitaka kwenda nao. Mimi, niliyemchukia aliyeipiga, nilitaka kwenda nao. Nilisimama nayo mpaka vidole vikafa ganzi, nikajua kwamba ningeishi miaka mia nisingeingia majini na kusubiri chombo kinipite.

Kesho yake Filomena akaitwa Mahurunga, shangazi yake mgonjwa. Alinikabidhi filamu yake ndani ya bahasha. Mzee akasema, "Somoe, msafishie mwenzako, kubwa, kama yako." Nikaingia chumba cha giza, nikafunga mlango, nikawasha taa nyekundu. Nikaiweka filamu yake kwenye mashine kwa uso, nikaitazama. Kisha nikaitoa, nikaiweka kwa mgongo. Sikuteleza. Nilijua ninachofanya, na nilijua kwa nini: mimi ni mtu wa pwani. Kusi ilikuwa ikivuma kutoka kulia na kulivimbisha tanga kuelekea kushoto. Nikiigeuza, upepo unatoka upande usio wake. Mzee wa Tabora hataona, ataitundika. Nahodha atakuja, ataona mara moja, atacheka mbele ya watu wote: huyu msichana wa bara hajui hata upepo. Basi. Nilitaka achekwe, na safari hii asiweze kucheka nao. Niliufikiria upepo vizuri sana, lakini ukingo sikuufikiria hata kidogo.

Mzee alizitazama picha mbili kwa muda mrefu, akavua miwani, akaivaa. Akaitundika ya Filomena. Sikushangaa, nilikuwa nimejiandaa, lakini roho iliniuma hivyohivyo. Siku ya pili Filomena alirudi kutoka Mahurunga, akasimama nje ya dirisha na kikapu chake kichwani, akaitazama picha. Kisha akanitazama mimi kupitia kioo. Na kabla hajaingia ndani, kijana mmoja wa mgambo aliyekuwa akipita akasimama kando yake. Kijana huyo alikuwa mtu wa Songea, lakini alikuwa amelinda mlango ule wa Ruvuma miaka miwili. Akainama, akatazama, akahesabu kwa kidole: mawimbi mbele, kwa hiyo hapa ni kutoka ndani, tunatazama baharini. Na mashua imebana mikoko ya kulia. Kulia ni ng'ambo. "Nani kapiga hii?" akauliza. Filomena akasema, "Mimi." "Wewe mwenyeji wa wapi?" Akamwambia kwao ni ng'ambo. Hakuficha, hakuwahi kuona sababu ya kuficha.

Hawakumpiga wala hawakumfunga, nisiwazulie watu. Waliichukua picha, wakamwambia aje kila asubuhi kwenye ofisi moja iliyoshughulikia mambo ya mpaka, akae kwenye benchi mpaka maswali yaishe. Maswali yalikuwa mawili: nahodha alikuwa na shughuli gani kwa Mreno, na wewe mwenye ndugu ng'ambo ulikuwa naye kwa nini. Filomena aliwaambia picha imegeuka. Mzee alikwenda na filamu, akawaonyesha uso na mgongo, na afisa akaishika kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku, akasema, "Mzee wangu, mimi nitajuaje uso ni upi? Naona zote sawa." Nahodha Mfaume angeweza kuyamaliza kwa neno moja, lakini alikuwa amesafiri Kilwa na mashua yake, na hilo nalo lilionekana baya. Mzee akarudi, akanikuta ninapanga karatasi. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, picha uliisafisha wewe. Ulikosea?"

Neno lenyewe alinipa mkononi. Hakuniuliza kama nilifanya kusudi. Aliniuliza kama nilikosea, na kukosea hakuna dhambi, kila fundi amewahi kuweka filamu kwa mgongo. Ningesema ndiyo, angefunga studio, tungekwenda pamoja ofisini, Filomena angekula mchana nyumbani. Lakini ningekuwa Somoe aliyekosea, yule ambaye hata ule mkono aliosifiwa hanao, na funguo zingeondoka siku ileile. "Nilisafisha kama alivyoniambia mwenyewe," nikasema. Mzee akanitazama. Akatikisa kichwa polepole, akaenda kutawadha. Siku tatu nilikula peke yangu nyuma ya studio. Siku tatu nilipita mbele ya ile ofisi nikijifanya natumwa sokoni, nikamwona amekaa kwenye benchi, magoti pamoja, kikapu kando, anatazama kivuli cha dirisha kinavyosogea sakafuni. Hata pale alikuwa anatazama kitu. Nilimwonea wivu hata benchini, ikiwa mtu anaweza kuamini.

Nahodha Mfaume akarudi siku ya nne, akapelekwa ofisini moja kwa moja na chumvi yake usoni. Mzee alikuwepo, nami niliitwa kwa kuwa ndiye msafishaji. Afisa akamwekea picha mezani. Nahodha akaishika, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, na akaanza kucheka, kicheko cha kumfanya mtu ashike meza. "Hii kaskazi!" akasema. "Wallahi hii kaskazi, tena mwezi wa saba! Jamani upepo huu mmeununua wapi? Na mimi tangu lini nashika usukani kwa kushoto? Huu mkono una kazi yake nyingine." Hata yule mgambo wa Songea akacheka. Afisa akaigeuza picha, akaiinua dhidi ya dirisha, akaitazama kwa nyuma mwanga ukipenya, mikoko ikarudi kushoto, na mashua ikarudi kwetu. Akashusha pumzi. "Haya, nimeelewa," akasema. "Nataka kujua kitu kimoja tu niandike. Nani aliyeigeuza, na kwa nini?"

Mzee alinitazama mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe zilikuwa zimekaa kando kando kwenye benchi moja, kanga yake inagusa yangu. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua, ingawa sijui hadi leo ungetoka ukweli au uongo. Filomena akatangulia. "Mimi, afisa. Kwenye kioo cha kamera niliiona mashua iko kulia, nikamwambia dada Somoe aisafishe hivyohivyo ilivyokuwa kwenye kioo. Sikujua kioo kinageuza." Alisema "kamera" vizuri kabisa, taratibu, na uso wake ulikuwa wa mjinga aliyetulia. Mwanamke aliyekuwa ameishika kamera ile mwaka mzima! Afisa akaandika. Nahodha akampigapiga bega, akasema ndivyo watu hujifunza. Lakini Mzee Shabani hakucheka. Nilimwona akiinamisha kichwa, na nikajua anahesabu nini: fundi asiyejua kwamba kioo kinageuza haachiwi kamera. Jioni ile ile alinipa mimi funguo, mbele ya Filomena, na kamera ndani ya mfuko wake wa ngozi. "Nilidhani lile lilikuwa jicho," akaniambia baadaye tulipobaki wawili, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu, Jumapili mchana, nikabeba kamera mpaka Likombe alikopanga chumba. Nilimkuta uani kwenye kibao, anamenya muhogo. Akaniambia karibu dada, akanisogezea kigoda. Nikamwambia niliigeuza kusudi. Akaendelea kumenya. "Najua," akasema. "Nilijua nikiwa nje ya dirisha."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema kuna mtu kaigeuza kusudi, wangeuliza kusudi gani, nani kamtuma. Tungekaa benchi wawili, na Mzee angekaa nasi. Nikisema mie mjinga, wanacheka, tunarudi kazini. Ujinga hauna kesi, dada."

Nikaivua kamera shingoni, nikaiweka juu ya mkeka mbele yake. Nikasema ichukue, ni yako, nitamwambia Mzee yote leo hii. Filomena akafuta mikono kwenye kanga, akafungua mfuko, akafungua kifuniko cha kioo. Akanielekezea mimi. Akanichungulia ndani ya kile kioo muda mrefu, akisogea kidogo kushoto, kidogo kulia, akitafuta mahali pa kunikalisha, nami nikakaa kimya kama wale wateja wa pazia. Hakupiga. Alifunga kifuniko, akafunga mfuko na vishikizo vyake vyote viwili, akainuka, akanivisha ukanda shingoni kwa mikono yake.

"Sitaki," akasema. "Nikiichukua leo, utakwenda kulala usingizi. Na Mzee usimwambie kitu, aende zake Makka na roho nyeupe. Kaa nayo." Kisha, kwa sauti yake ya kila siku, "Kesho kuna harusi Chuno, fundi. Usisahau filamu."

Alikuwa mtu wa kwanza kuniita hivyo. Nikatoka na kamera inanigonga kifuani kila hatua. Nilipofika kwenye mlango wa ua niligeuka, nikamwona amerudi kwenye kibao chake, ameinamia muhogo, anaimba kidogo. Sikuwahi kumwonea wivu kama siku ile, kwa sababu yeye hakuwa amebeba kitu.